Kilatini katika Santuri ya Roki: Habari za *Mass in F Minor*

Historia ya lugha za ibada kwa desturi huandikwa kwa kutazama vitabu na hati za makanisa. Ni mara chache huandikwa kwa kutazama sahani za santuri. Hata hivyo, iko sahani moja iliyotolewa Marekani mwaka wa 1968 na kampuni ya Reprise, ambayo yastahili kuchunguzwa na wanafunzi wa lugha. Jina lake ni *Mass in F Minor*. Wapigaji wake, The Electric Prunes, walikuwa vijana wa Los Angeles waliosifika mwaka wa 1967 kwa wimbo mmoja wa roki uliofika nafasi ya 11 katika orodha ya Billboard.

Misa hiyo hawakuitunga wao. Ilitungwa na David Axelrod (1931–2017), mtu wa studio aliyezoea muziki wa jazi, akaiandika yote kwa noti. Vijana wale walikuwa wamezoea kujifunza nyimbo kwa sikio, na kazi ikaenda polepole. Basi wakaitwa The Collectors, kikundi cha Kanada, na wapigaji wengine wa kukodiwa, ili imalizike. Sahani ina sehemu sita, tangu Kyrie Eleison hata Agnus Dei, nazo zote pamoja hazitimizi nusu saa.

Maneno yake ni yale yale ya Misa ya Kirumi. Kyrie ni Kigiriki. Sehemu nyingine ni Kilatini. Na ndani ya Sanctus mna maneno mawili ya asili ya Kiebrania, *Sabaoth* na *hosana*. Kiingereza, lugha ya waimbaji na ya wanunuzi wao, hakimo kabisa.

Yafaa tukumbuke wakati wenyewe. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikubali lugha za wenyeji zipewe nafasi kubwa zaidi katika ibada. Haukukifuta Kilatini, lakini katika parokia nyingi kiliondoka upesi. Huko Marekani Kiingereza kilianza kutumika katika Misa tarehe 29 Novemba 1964, na mwaka wa 1969 ikatangazwa Misale mpya. Hivyo, Kilatini kilipokuwa kikitoka altareni, kiliingia studio, katikati ya magitaa ya umeme.

Msomaji atauliza: je, hiyo ilikuwa sala au pambo? Jibu laonekana vizuri zaidi tukilinganisha sahani hii na *Missa Luba*, iliyoimbwa Kamina, katika Katanga, mwaka wa 1958, chini ya uongozi wa Padre Guido Haazen. Huko pia maneno yalikuwa ya Kilatini na muziki ulikuwa wa watu wengine. Lakini mwaka wa 1958 Kilatini kilikuwa sheria. Uhuru wa waimbaji ulikuwa katika muziki peke yake. Miaka 10 baadaye, mjini Los Angeles, mambo yaligeuka: roki ndiyo iliyotakiwa na soko, na Kilatini ndicho kilichochaguliwa kwa hiari. Maneno hayakubadilika hata moja, lakini kazi yake ilibadilika. Kule yalikuwa wajibu. Huku yalitafutwa kwa ajili ya ugeni wake na sauti yake.

Katika mageuzi hayo kilipotea kitu. Kyrie kanisani ni maneno ya kupokezana: mmoja huomba huruma, na wengine huitikia. Msikilizaji wa santuri haitikii. Mwaka wa 1969 Kyrie hiyo iliwekwa katika sinema ya *Easy Rider*, pale wasafiri wa pikipiki walipofika New Orleans. Hapo wengi waliisikia ambao sahani yenyewe hawakuijua, kwa kuwa haikupita nafasi ya 135 katika orodha ya Billboard.

Sisi tunaochunguza tafsiri za sala tumezoea kuuliza neno lina maana gani, na kama maana hiyo imehamishwa kwa uaminifu. Sahani hii yatulazimisha kuongeza swali la pili: neno hilo lasemwa na nani, na nani atazamiwa kulijibu? Hapa hapana tafsiri yoyote iliyofanywa, wala hapana neno lililopotoshwa. Hata hivyo, kilichokuwa mazungumzo kimekuwa wimbo wa kusikilizwa.