Jina la Tatiana

Jina Tatiana, ambalo wengi hulidhani kuwa la Kirusi tangu jadi, lahusishwa na jina la kale la Kirumi, Tatius, nalo liliingia Urusi kwa njia ya kanisa, pamoja na sifa ya bikira shahidi aliyeuawa Roma katika karne ya 3. Katika sikukuu yake, tarehe 12 Januari 1755, Malkia Elizaveta alitia sahihi amri ya kuasisi Chuo Kikuu cha Moscow, aliyoletewa na Ivan Shuvalov, ambaye mama yake aliitwa Tatiana. Na hata leo wanafunzi wa Urusi huiadhimisha siku hiyo, ambayo kwa kalenda mpya ni tarehe 25.

Lakini makabaila walilidharau jina hilo, likawa aghalabu la wakulima na wajakazi, mpaka Pushkin, kwa ushujaa ninaoustahi sana, alipompa binti wa mwenye shamba katika Yevgeny Onegin, riwaya yake ya ushairi, akilalamika katika tanbihi kwamba majina matamu ya Kiyunani, kama Agafon na Fyokla, yameachiwa watu wa chini. Humo, usiku ambao binti huyo amekosa usingizi kwa mahaba, yaya wake mzee, mtumwa wa shamba, amwita Tanya, kwa ufupisho ule ule waliokuwa wakiitana wajakazi.