Fahamu mbio za magari za dragi: msimu wa timu, majaribio na mahali panaporuhusu mchezo huo

Na Mwandishi Wetu, Kibaha

Kipande cha Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kibaha, chenye urefu wa kilomita 19.2, kilipanuliwa na Serikali kuwa njia nane ili kupunguza msongamano wa magari yanayoingia na kutoka Dar es Salaam. Usiku wa manane, magari yanapopungua, upana huo na unyoofu wake huweza kumshawishi dereva kijana kuona kuwa mbele yake kuna uwanja wa mashindano. Si uwanja. Makala hii inaeleza mbio za dragi ni mchezo wa namna gani, timu hupitia mambo gani katika msimu mmoja, na kwa nini mchezo huo hauwezi kufanyika barabarani, hata kama barabara ni pana kiasi gani.

Dragi ni mashindano ya magari mawili yanayoondoka yakiwa yamesimama, kila moja katika njia yake, kwenye lami iliyonyooka. Umbali wa kawaida ni robo maili, yaani takriban mita 402. Viwanja vingine hutumia nusu ya umbali huo. Hakuna kona. Hakuna mzunguko wa pili. Gari la mtaani lenye injini nzuri humaliza umbali huo kwa sekunde 13 hadi 16, na magari ya daraja la juu kabisa nchini Marekani, yanayotumia mafuta ya naitromethani badala ya petroli, hupita mstari wa mwisho yakiwa na mwendo unaozidi kilomita 500 kwa saa. Magari hayo ya daraja la juu hayakimbii tena robo maili kamili. Mwaka 2008, baada ya dereva Scott Kalitta kufariki dunia mashindanoni Englishtown, New Jersey, umbali wake ulipunguzwa hadi futi 1,000, sawa na mita 305, ili kuongeza nafasi ya kusimamia.

Mchezo huu ulianzia barabarani, na hapo ndipo Tanzania ina jambo la kujifunza. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, vijana wa California waliyapunguza uzito magari yao ya zamani, wakaziongezea nguvu injini na kushindana katika barabara za umma. Ajali zilikuwa nyingi na malalamiko ya wananchi yalikuwa makubwa. Mwaka 1950 uwanja wa kudumu ulifunguliwa Santa Ana, kwenye eneo la uwanja wa ndege, na mwaka uliofuata Wally Parks alianzisha chama cha NHRA kwa lengo la kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali, kanuni na wasimamizi. Nchini Uingereza, uwanja wa Santa Pod uliofunguliwa mwaka 1966 ulijengwa juu ya uwanja wa ndege wa kijeshi uliokuwa umeachwa. Afrika Kusini nayo ina uwanja wa Tarlton, karibu na Krugersdorp.

Katika ukanda wetu historia ya mbio za magari ni tofauti. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano yaliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo baadaye yalijulikana duniani kama Safari Rally. Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda mwaka 1966 na tena mwaka 1967 akiwa na msaidizi wake Chris Rothwell katika gari aina ya Peugeot 404. Mbio hizo za masafa marefu zinaendana na ardhi kama ya Kisarawe, yenye barabara za vumbi zinazopanda na kushuka jirani na vilima vya Pugu na msitu wa Kazimzumbwi. Dragi inahitaji kinyume chake: lami tambarare, kavu, isiyo na shimo wala tuta.

Neno "kavu" linabeba uzito wa msimu mzima. Gari la masafa marefu huweza kuendelea katika tope. Gari la dragi likikuta lami imelowa haliondoki, kwa kuwa matairi yake laini hukosa kushika na gari huweza kugeuka ubavu katika mita za kwanza. Kwa Mkoa wa Pwani maana yake ni kuwa masika ya Machi hadi Mei ni muda wa karakana, na miezi ya Juni hadi Septemba, kusi linapovuma na joto kupungua, ndiyo inayofaa zaidi kwa majaribio na mashindano. Vuli ikianza Oktoba, ratiba huwa ya kubahatisha.

Karakanani kazi huanza na gari lenyewe. Ukaribu wa Kibaha na Kisarawe na Bandari ya Dar es Salaam huwarahisishia mafundi kupata magari yaliyotumika kutoka Japani, na wapenzi wa mwendo wanazifahamu vizuri Toyota Mark II na Chaser, hasa zenye injini ya 1JZ ya lita 2.5. Ile yenye tabo, yaani mtambo unaosukuma hewa ndani ya injini, ilitoka kiwandani ikitajwa kuwa na nguvu farasi 280. Nguvu hiyo inatosha kuvunja klachi, giaboksi au ekseli za gari ambalo halikuandaliwa. Kwa hiyo timu yenye busara hutumia fedha za kwanza katika breki, mkanda wa usalama wa pointi nyingi, fremu ya chuma ya kumlinda dereva gari likipinduka, kofia ngumu na mtungi wa kuzimia moto. Kijana anayeanza na tabo kubwa na kuacha breki za kiwandani ameyapanga manunuzi yake kinyume.

Majaribio hufanywa kwa daftari mkononi. Kila mkimbio huandikwa: upepo wa matairi, joto la hewa, unyevu, muda wa mita 18 za kwanza, muda wa jumla na mwendo wa mwisho. Mita 18 hizo hupewa uzito mkubwa kwa sababu ndizo zinazoonyesha kama gari limeshika lami au limezungusha magurudumu bure. Fundi hubadilisha jambo moja tu kila mara. Akibadilisha mawili, hatajua lipi lililoleta nafuu.

Safari nayo hubadilisha gari. Kibaha ipo karibu na usawa wa bahari, ilhali Arusha ipo takriban mita 1,400 juu yake. Hewa ya huko ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Gari lenye nguvu farasi 200 Kibaha hubaki na takriban 170 likifika Arusha, na muda wake wa robo maili huongezeka kwa zaidi ya nusu sekunde bila fundi kukosea lolote. Injini yenye tabo huathirika kidogo zaidi au kidogo pungufu kulingana na ilivyopangwa, lakini kwa kawaida hustahimili mwinuko kuliko isiyo nayo. Timu inayopeleka gari Nairobi, au hata Tarlton, hulazimika kupanga upya mchanganyiko wa mafuta na hewa kabla ya siku ya mashindano.

Gari la mashindano husafirishwa juu ya lori au trela. Hapa wamiliki wanakumbushwa kuwa, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5 yanatakiwa kupita mizani. Kwa anayeelekea Morogoro, mizani ya Vigwaza ipo njiani. Lori lenye gari, vipuri, jenereta na mapipa ya mafuta hufikia uzito huo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Anayevuka mpaka wa Namanga atahudumiwa katika Kituo cha Huduma za Pamoja, kilichozinduliwa Desemba 2018, na inampasa kuwa na nyaraka za gari pamoja na orodha ya vipuri anavyotarajia kurudi navyo.

Siku ya mashindano, taa zilizopangwa wima kati ya njia mbili humwongoza dereva: za njano huwaka, kisha kijani. Akiondoka kabla ya kijani, taa nyekundu humwondoa mashindanoni. Muda wa dereva kuitikia taa huhesabiwa katika ushindi. Tuchukue mfano wa madereva wawili walioondoka kwa taa moja. Wa kwanza ameitikia kwa sekunde 0.050 na gari lake limekimbia kwa sekunde 12.90, jumla 12.95. Wa pili ana gari lenye kasi zaidi, sekunde 12.80, lakini ameitikia kwa 0.210, jumla 13.01. Wa kwanza ameshinda akiwa na gari la polepole.

Upo pia utaratibu wa kupeana nafasi, unaozifaa timu zisizo na fedha nyingi. Kila dereva hutangaza muda anaotarajia, na mwenye gari la polepole huachiwa atangulie kwa tofauti ya muda huo. Anayekimbia haraka kuliko alivyotangaza hushindwa, isipokuwa mwenzake amefanya kosa kubwa zaidi. Hivyo gari la familia huweza kulishinda gari la mamilioni, mradi dereva wake analifahamu na halibadiliki badiliki.

Turudi Barabara ya Morogoro. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria katika maeneo ya makazi, husimama ndani ya takriban mita 28 kwenye lami kavu, tukihesabu sekunde moja ya dereva kushtuka. Gari hilohilo likiwa na kilomita 160 kwa saa, mwendo ambao gari lililoongezewa nguvu hulifikia ndani ya robo maili, huhitaji takriban mita 190. Viwanja vya dragi huacha mamia ya mita baada ya mstari wa mwisho, na mwishoni huwekwa mchanga na wavu. Kati ya Kimara na Kibaha, baada ya mita 402, kuna kituo cha daladala, kivuko cha waenda kwa miguu, bodaboda inayoingia kutoka barabara ya pembeni na mama anayerudi sokoni alfajiri.

Kwa vijana wanaotaka kuunda timu, vyama na klabu za michezo husajiliwa kwa Msajili wa Vyama vya Michezo chini ya Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Chama cha Magari Tanzania (AAT) ni mwanachama wa Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA), na ndicho kinachosimamia mbio za magari nchini kwa kanuni za shirikisho hilo. Barabara kuu na za mkoa zipo chini ya TANROADS, za wilaya chini ya TARURA. Usalama wa watumiaji wake husimamiwa na Jeshi la Polisi kupitia Kikosi cha Usalama Barabarani. Klabu inayofikiria kuomba eneo kwa ajili ya majaribio ianze kwa kuandika urefu wa lami unaohitajika, na iuhesabu pamoja na ule wa kusimamia.