Sekunde Nane

Katika mpira wa kikapu, pointi gadi ndiye anayeleta mpira na kuamua mchezo uelekee wapi. Tangu mwaka 2000, sheria za FIBA zinampa sekunde 8 kuuvusha mstari wa kati. Zamani zilikuwa 10. Ndani ya muda huo anadunda bila kuutazama mpira, anamsoma anayemkaba, anainua vidole viwili kuwaonyesha wenzake mpango. Kazi yake ni kutafuta upenyo mahali pasipo na upenyo, na kwa msichana wa Kibera au Kawangware, jijini Nairobi, kazi hiyo ina historia ndefu.

James Naismith, aliyebuni mchezo huu, alitundika vikapu vya matunda ukumbini huko Springfield, Marekani, mwaka 1891. Mwaka uliofuata Senda Berenson akawafundisha wasichana wa Chuo cha Smith, ila aliugawa uwanja vipande 3. Mchezaji hakutoka kwenye kipande chake, wala hakuruhusiwa kudunda zaidi ya mara 3. Iliaminika kwamba mbio zingemdhuru mwanamke. Mchezo wa namna hiyo hauwezi kumzaa pointi gadi, maana yeye hula uwanja mzima. Marekani kwenyewe wanawake walipewa rasmi uwanja mzima, watano kwa watano, mwaka 1971, na Olimpiki ikawapokea Montreal mwaka 1976.

Kama uwanja ule wa Berenson, ardhi ya Kibera nayo ilimegwa. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliwatengea askari Wanubi wa KAR, jeshi la kikoloni, ekari 4,197 za msitu, kibra kwa lugha yao, bila hati. Baadaye ikajengwa humo mitaa ya Ayany, Olympic, Fort Jesus. Hati ya jumuiya ilipotoka hatimaye mwaka 2017, ilikuwa ya ekari 288, chini ya asilimia 7. Kawangware imebanana vivyo hivyo, ubavuni mwa nyua pana za mtaa wa kitajiri wa Lavington. Pale mabati yanapogusana, uwanja wa mita 28 kwa 15 ni anasa, na wasichana hungoja wavulana wamalize.

Mpira wa wanawake ni namba 6. Mtaani hupatikana uliopo, mara nyingi namba 7 wa wanaume, umechakaa hadi unateleza kama sabuni. Kwenye saruji iliyobanduka hauaminiki: ukigonga kokoto unaruka pembeni. Kwa hiyo msichana anajifunza kuudunda chini ya goti, kiganja hakiugusi, vidole tu, navyo huwa vyekundu kwa vumbi. Siku anapokanyaga sakafu ya ukumbi wa Nyayo, mpira unamrudia mkononi palepale alipoutarajia, na beki aliyezoea mdundo wa kiunoni hapati pa kuupokonya. Ustadi huo hakuna kambi ya kulipia inayoutoa.

Kilele cha timu ya taifa ya wanawake kilikuwa Dakar mwaka 1993, Kenya ilipofika fainali ya Afrika na kutwaa fedha nyuma ya Senegali. Mwaka 1994 wanawake hao walicheza Kombe la Dunia nchini Australia. Majina yao yangestahili kuandikwa kwenye kuta za shule zetu, karibu na ya wakimbiaji. Nairobi iliandaa mashindano ya Afrika mwaka 1997, kisha ikafuata miaka mingi ya kiu. Mwaka 2021 Lionesses, timu hiyo ya taifa, waliifunga Misri mjini Kigali na kukata tiketi ya mashindano ya Afrika mjini Yaoundé.

Mwaka 2022 wakaenda Birmingham, Michezo ya Jumuiya ya Madola, kucheza watatu kwa watatu: nusu uwanja, sekunde 12 za kurusha, dakika 10, wa kwanza kufika pointi 21 ndiye mshindi. Hapa hakuna mstari wa kati wa kuvusha. Ukidaka mpira wa wapinzani unautoa nje ya tao linalozunguka ringi, unageuka, unashambulia, na mwenye mikono ya pointi gadi ndiye mwenye mechi. Kawangware mchezo huu hauhitaji ekari. Ringi moja ukutani, kipande cha mkaa cha kuchorea tao, wasichana sita, na mmoja wao tayari ameinua vidole viwili.