Jina Lisilotajwa: Kesi ya Mpiga Chapa Zenger

Katika lugha yetu liko neno jepesi mno kinywani, nalo ni "inasemekana". Lina tendo, halina mtenda. Mwanafunzi akiniletea habari kwa neno hilo, humwuliza, "Imesemwa na nani?" Naye huinamisha kichwa, mara nyingine kwa kuwa hamjui msemaji, na mara nyingine kwa kuwa anamjua na anamwogopea. Magazeti nayo yana shida hiyo tangu kale. Leo nitawasimulia jinsi ilivyompata mpiga chapa mmoja wa New York, zamani mji ule ulipokuwa chini ya Mfalme wa Uingereza.

Jina lake John Peter Zenger, mzaliwa wa Ujerumani, aliyefika Marekani mwaka 1710 angali kijana. Mwaka 1732 alikuja huko Gavana mpya, William Cosby. Huyu akadai nusu ya mshahara aliolipwa Rip Van Dam, aliyeshika utawala kabla yake. Na Jaji Mkuu Lewis Morris alipompinga, akamwondoa kazini. Basi wapinzani wa Gavana wakaanzisha gazeti, New York Weekly Journal, likatoka mara ya kwanza Novemba 1733. Ndani yake Gavana alishutumiwa kwa kuvunja haki za watu, lakini walioandika walitia majina ya kubuni, au hawakutia lolote. Jina lililoonekana wazi lilikuwa la Zenger, mpiga chapa.

Aliyeandika mengi ya hayo ni wakili James Alexander. Nami sitaki kumpamba: yeye alikuwa mtetezi wa Van Dam katika daawa ile ile ya mshahara. Msomaji hakuambiwa kwamba mwenye kulaumu ana ugomvi wake na mwenye kulaumiwa. Hiyo ndiyo hasara ya jina lililofichwa, wala si ndogo.

Novemba 1734 serikali ikaamuru matoleo manne ya gazeti yachomwe moto hadharani. Wakuu wa mji wakakataa kushiriki, na mwisho kazi ile ikafanywa na mtumwa wa ofisa aliyeamriwa kuisimamia. (Naam, mtumwa, katika mji uliobishania uhuru wa kusema walikuwamo watu wasio na uhuru hata wa miili yao.) Tarehe 17 ya mwezi huo akakamatwa Zenger. Dhamana ikawekwa paundi 400, pamoja na wadhamini wawili wa paundi 200 kila mmoja. Hakuweza kuipata, akakaa gerezani karibu miezi tisa. Gazeti lilikosa juma moja tu, kwa maana mkewe, Anna, aliyapokea maagizo ya mumewe kupitia tundu la mlango wa gereza, na kazi ikaendelea. Alexander hakumtupa, alijitokeza na mwenziwe kumtetea, lakini walipotilia shaka uhalali wa majaji, Jaji Mkuu mpya, James De Lancey, akawafuta uwakili.

Tarehe 4 Agosti 1735 akasimama mahali pao Andrew Hamilton, wakili mzee wa Philadelphia, bila kutaka ujira. Akawashangaza wote kwa kukiri mara moja kwamba Zenger ndiye aliyepiga chapa. Kwa sheria ya wakati ule, hapo kesi ilikuwa kama imekwisha, kwa maana ukweli haukuwa kinga. Lakini Hamilton akawaambia wale watu 12 walioapishwa kuamua ya kuwa neno haliwi kashfa mpaka liwe la uongo, na wao, wenyeji wa mji, wayajua mambo yenyewe.

Tazameni alivyofanya. Serikali iliuliza, "Nani amesema?" Yeye akaligeuza swali, "Je, ni kweli?" Habari isiyo na mwenyewe haina heshima ya msemaji ya kuegemea, imebaki kupimwa kwa mambo yaliyotendeka. Wale 12 waliweza kuipima, kwa kuwa Gavana aliyatenda mbele ya macho yao. Kama yangalikuwa mambo ya siri, wangalipima kwa nini? Wangalibaki na neno la mpiga chapa tu, kwamba waliomwambia ni watu wa kuaminiwa.

Wakatoka, wakarudi baada ya muda mfupi: hana hatia. Baraza likajaa shangwe. Hata hivyo sheria haikubadilika siku ile. Ilikuwa mwaka 1805 ndipo New York ilipoandika katika sheria yake kwamba ukweli, ukitolewa kwa nia njema, ni kinga ya mshtakiwa.

Mwaka 1736 Zenger alipiga chapa kitabu kidogo cha kusimulia kesi hiyo, kikasomwa Marekani na Uingereza. Aliyekitengeneza ni James Alexander. Jina lake hakulitia.