Mteremko na Mwelekeo: Reli ya Kitale na Bungoma

Kitale imekaa yapata mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma yapata mita 1,400. Tofauti hiyo peke yake haielezi jambo ambalo wajenzi wa reli walilazimika kulizingatia katika miaka ya 1920: mahali pamoja pa ardhi hapana mteremko mmoja. Ukali wake hutegemea upande anaoelekea msafiri.

Wanahisabati wana kipimo cha jambo hili, nacho chaweza kuitwa mteremko elekezi. Hutafutwa kwanza upande ambako ardhi yapanda kwa ukali kuliko kwingine kote. Kisha ukali huo huzidishwa kwa kosaini ya pembe iliyopo baina ya upande huo na njia ichukuliwayo. Ikiwa ubavu wa kilima wapanda mita 10 kwa kila mita 100, aukabiliye moja kwa moja hupanda hizo 10. Aukataye mshazari, kwa pembe ya digrii 60, hupanda 5 tu. Naye aandamaye kontua hapandi kitu. Alama ya hesabu hizi ilibuniwa na William Rowan Hamilton wa Ireland katika karne ya 19, na baadaye ikaitwa nabla, kwa kuwa umbo lake lafanana na kinubi cha kale.

Garimoshi, ambalo magurudumu yake ya chuma huteleza juu ya chuma, halina budi kwenda mshazari. Ndiyo asili ya mizunguko mingi ya njia ile. Reli ilifika Eldoret mwaka 1924. Tawi la kutoka Leseru likafika Kitale mwaka 1926. Nayo njia kuu ikateremka kwa Turbo na Webuye, iliyoitwa Broderick Falls zama hizo, hadi Bungoma, ikaingia Uganda na kufika Kampala mwaka 1931.

Lakini kosaini haikuamua yote. Kabla ya Eldoret reli ilikwea Timboroa, yapata mita 2,780, juu kuliko kilele cha Mau ambacho reli ya Kisumu ilikwisha kukivuka mwaka 1901. Anayetafuta wepesi wa kupanda tu asingeivutia njia huko. Anayetafuta mahindi na ngano za walowezi wa Uasin Gishu na Trans Nzoia angefanya hivyo bila kusita. Wabukusu wengi wa Bungoma walikwenda kwenye mashamba hayo kama vibarua.

Maji ya mvua, kwa upande wao, hayachagui. Huufuata mteremko mkali kuliko yote, ambao daima huikata kontua kwa pembe mraba. Kwa hiyo mkulima wa miteremko ya Mlima Elgon apitishaye plau toka juu hadi chini huyachimbia maji mfereji wa kubebea udongo wake, na jirani yake alimaye kukingama huyazuia kwa kila tuta.