Ngome Nyuma ya Nyanya

Ukimaliza kufuturu leo, hebu inua macho utazame ukuta wa sebule yenu. Kuna picha ya Makka? Nyumba nyingi za kwetu hazikosi. Ya kwetu hapa Mombasa ni ya nyanya na wenzake watatu, hija ya 1999. Nyuma yao, juu ya kilima, kuna ngome kubwa. Watoto hudhani ni jumba la mfalme.

Ukienda Makka leo ngome huioni. Hata kilima chenyewe hukioni.

Ile ilikuwa Ngome ya Ajyad. Waturuki wa dola ya Uthmaniya waliijenga karibu mwaka 1780 kuulinda mji na Msikiti Mtukufu. Januari 2002 ilibomolewa, kilima kikasawazishwa, na pale pakainuka majengo ya Abraj Al Bait yenye mnara wa saa wa mita 601. Serikali ya Uturuki ililalamika sana. Wakuu wa Saudia nao wakasema mahujaji wanahitaji mahali pa kukaa, na kusema kweli watu wamekuwa wengi, lazima walale mahali. Lakini mimi bado inaniuma. Nyanya alisimama pale bila kujua kwamba imebaki miaka mitatu tu.

Sasa jiulize, nani alikuwa wa kwanza kupeleka kamera kule? Wengi watakwambia Mzungu. Sivyo. Alikuwa Muislamu wa Misri, Muhammad Sadiq Bey, afisa wa jeshi aliyesomea uhandisi Paris. Mwaka 1861 alitumwa Hijazi kupima njia, na kamera yake akaibeba. Picha alizopiga Madina ndizo za kwanza zinazojulikana za mji ule. Mwaka 1880 akarudi na msafara wa Mahmal, yeye akiwa mshika fedha, akapiga Makka na Al-Kaaba. Usifikirie kamera ya simu, ndugu yangu! Wakati huo ni sanduku zito, vioo na dawa, katika jua la Hijazi.

Picha za enzi hizo zinakuonyesha Haram ambayo babu wa babu yako aliikuta. Karibu na Al-Kaaba kulikuwa na vibanda vya maimamu wa madhehebu manne, kila imamu na watu wake. Katika karne ya 20, msikiti ulipopanuliwa, vibanda vikaondolewa. Bila picha, ungemuamini mtu akikusimulia?

Baada ya Sadiq Bey kuna kisa kingine, na hiki kina uchungu wake. Mwaka 1885 Mholanzi mmoja, Snouck Hurgronje, alikaa Makka kwa jina la Abd al-Ghaffar. Alifahamiana na daktari wa mji, ambaye naye kwa bahati aliitwa Abd al-Ghaffar, akamfundisha kupiga picha. Mwaka huohuo Mholanzi akafukuzwa, kamera ikabaki kwa daktari. Daktari aliendelea kupiga mji na mahujaji, akampelekea picha Uholanzi, na juu ya nyingi alitia sahihi yake kwa Kiarabu: Sayyid Abd al-Ghaffar, daktari wa Makka. Mwaka 1889 Snouck alitoa kitabu cha picha hizo. Sahihi zilikuwa zimefutwa. Kwa miaka mingi watu walidhani ni kazi ya Mholanzi, mpaka watafiti walipozitazama picha za asili na kulikuta jina la mwenyewe.

Kisa hicho kilinifanya niishushe picha yetu ukutani na kuigeuza. Nyuma hapakuandikwa kitu, hata mwaka. Nikamuuliza nyanya, ni nani aliyewapiga? Akafikiri kidogo. "Kijana mmoja Msomali, chumba cha pili," akasema. "Alikuwa na adabu sana. Jina lake limenitoka."

Nilichukua kalamu, nikaandika nyuma: Makka, 1999, ngome ya Ajyad, majina ya wale wanne, na kijana Msomali wa chumba cha pili.