Nyigu wa Pontedera

Vespa maana yake nyigu. Aliyeibuni, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa helikopta aliyechukia pikipiki: chafu, na pancha ni balaa. Kiwanda cha Piaggio kule Pontedera, Italia, kiliunda ndege mpaka mabomu ya vita yakakibomoa. Mwaka 1946 kikatoa skuta.

Mimi huziwaza hizo ndege nikishika kabureta. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa ni nyepesi. Vespa iliyosetiwa Mombasa ikifika huku inalewa petroli, plagi nyeusi tii. Rubani wa zamani alipunguza mafuta kwa mkono akipanda. Sisi tunaweka jeti ndogo, kisha skrubu, robo kwa robo, injini ikiwa moto. Lakini pole pole: kwa Vespa za zamani oili huja ndani ya petroli, kwa hivyo ukibana sana, pistoni inakwama.